Ugonjwa Uliojua Sabato

Friji ikikuharibikia Migori, watu watakuelekeza kwa Motari kabla hujamaliza kuuliza. Karakana yake iko nyuma ya soko, mlango wa kijani, na ukiingia itakubidi uruke kompresa zilizokufa, milango isiyo na friji na friji zisizo na milango. Mwenyewe ni Mgusii wa Tabaka, mrefu, mpole kupita kiasi, Msabato wa kuzaliwa. Ana kasoro moja tu tangu ujana wake, nayo ni kwamba huamini watu. Wengine huuita huo wema. Haya, na wauite.

Kwenye kona ya ndani kabisa, mahali jua lisipofika, kuna tangi la kioo la kuingia maji ya madumu manne. Watu wa Migori wameona ngege na mbuta tangu utotoni, hawashtuliwi na samaki. Lakini ndani ya tangi hilo mlikuwa na maji ya chumvi kama ya baharini, na ndani ya maji hayo matumbawe hai, kilomita mia nane kutoka pwani. Wateja wengi walidhani ni maua ya plastiki. Motari hakuwarekebisha. Aliyeuliza mara ya pili ndiye aliyevutiwa kiti.

Motari alifanya kazi Mombasa miaka kumi na mmoja, katika hoteli moja, akitunza mitambo ya baridi. Hoteli hiyo ilikuwa na tangi kubwa la matumbawe ukumbini, na mtunzaji wake alikuwa mzee wa Kidigo aliyechoka kuongea na wageni wasiosikiliza. Motari alisikiliza. Kila mapumziko ya mchana alikwenda kusimama pale na sahani yake ya ugali, akauliza, akajibiwa. Hoteli ilipofungwa, mzee alimkatia kichwa kimoja cha tumbawe la kijani kilichooteshwa humo humo tangini, akamwambia akitunze, kwa kuwa yeye hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Motari alisafiri nacho usiku na mchana, kasha mapajani, hakushuka hata kwenda haja mpaka Kisumu.

Mamake alikuwa bado hai wakati huo. Kazi yake maisha yote, huko Tabaka, ilikuwa kung'arisha mawe laini yanayochongwa vinyago: beseni la maji mbele yake, msasa mkononi, vidole vimekwisha kucha. Motari alimwomba kibao kidogo cha jiwe cha kugandishia tumbawe lake. Mama akakisugua siku mbili, akakigeuzageuza, akasema hajawahi kuona mmea unaotaka jiwe badala ya udongo. Lilikuwa jiwe la mwisho kupita mikononi mwake. Aliaga dunia kabla ya mwezi kwisha.

Kwa hiyo muelewe kilichokuwa ndani ya tangi lile. Kichwa kimoja kilijigawa kikawa viwili, viwili vikawa vinne, na kwa muda wa miaka tisa vikafika ishirini na vitatu, vyote juu ya matawi yaliyoanzia kwenye jiwe la mama. Kila kichwa kilikuwa na minyiri minene ya kijani, kama ya pweza, inayopepea majini. Kimoja tu, cha katikati, kilikuwa na ncha za zambarau na midomo miwili, kana kwamba kilianza kujigawa kikaghairi. Hicho Motari alikipenda kuliko vyote, na hakuona aibu kusema.

Utunzaji wake si mchezo. Maji yanayopungua kwa mvuke hujazwa kwa maji ya mvua, tena yaliyokingwa kwa turubai, maana ya bati yana madini yanayoua. Pampu haielekezwi kwenye tumbawe. Inaelekezwa kwenye kioo, maji yagonge yarudi yakiwa yametulia, minyiri iyumbe bila kubanduliwa. Taa ikiwa kali, tumbawe hugeuka jeupe. Ikiwa hafifu, hugeuka kahawia na kusinyaa. Na jirani. Hapo ndipo wengi huanguka. Matumbawe yanaonekana mapole, kumbe yanaumana. Yale ya ukoo mmoja huvumiliana, lakini la ukoo mwingine likikaa karibu, moja hurefusha mnyiri likamchoma mwenzake mpaka nyama itoke kwenye mfupa. Motari alikuwa na tumbawe la pili, dogo, la nyotanyota, akaliweka upande wa pili wa tangi, mbali kabisa. Yakaishi hivyo miaka sita bila ugomvi.

Maurice alikuja kwa njia ya taa. Taa aliyotoka nayo Mombasa ilikufa, na nyingine haikupatikana. Mtu akamwambia kuna jamaa wa Sori anayeunda taa za sola za wavuvi wa omena, huenda akamfaa. Motari akanunua moja, akaitundika. Wiki ya tatu tumbawe likaanza kugeuka kahawia. Taa ile ilijua kuita omena, haikujua kulisha tumbawe. Mwanga wake ulikuwa wa manjano. Alipoirudisha kulalamika, Maurice hakumfukuza. Alicheka, akafunga safari mpaka Migori kuona mwenyewe hicho kidudu kinachokataa taa yake, kisha akakaa karakanani siku nzima aking'oa vitaa vidogo kimoja kimoja na kutia vya buluu. Mwezi haukuisha tumbawe likafunguka kama halijawahi kufunguka. Wakawa marafiki.

Ulikuwa urafiki hasa, jamani, si wa kusalimiana. Maurice alipanga chumba mtaa wa pili, akawa anakula kwa Motari mara tatu kwa wiki. Aliuliza kila kitu: chumvi kiasi gani, kwa nini mwanga wa buluu, mzee wa Mombasa alisema nini, mama alilisugua jiwe vipi. Motari, aliyekuwa amekaa miaka na bahari yake bila mtu wa kumsimulia, akamsimulia yote. Nani hapendi kuulizwa?

Sasa, suala la Sabato. Kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua lizame, Motari hagusi kazi. Kanisani waliwahi kujadili kama tangi ni kazi. Mzee wa kanisa, Mogaka, alisema kumnywesha ng'ombe si dhambi, lakini kuingia karakanani kuwasha na kuzima mitambo ni kazi, hata kama ng'ombe mwenyewe anakaa majini. Watu wakacheka, na uamuzi ukasimama. Basi kila Ijumaa jioni Motari alimkabidhi Maurice ufunguo. Maurice ni Mkatoliki, Jumamosi kwake ni siku kama nyingine. Kazi yake ilikuwa awashe taa saa nne asubuhi, aongeze maji, azime saa kumi na mbili jioni. Mkewe Motari, Nyatichi, aliwahi kuuliza kwa nini asitumie ile saa ya duara iliyokuwa kwenye droo, aliyoing'oa kwenye chumba baridi cha samaki kilichouzwa vyuma, yenye vipini vya kuwasha na kuzima mitambo yenyewe. Motari akamjibu kwamba tangi linataka jicho la mtu. Ufunguo ulikwenda kwa Maurice miaka minne.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Jumamosi moja jua likiwa limezama, Motari alifungua karakana akamkuta Maurice ameketi mbele ya tangi, uso umeanguka. Kichwa kimoja hakikuwepo. Maurice alimweleza kwamba alikikuta kimefunikwa na ute wa kahawia, kinaoza, akakikata saa hiyo hiyo akakitupa mbali. Motari alijua ute huo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha: ukiuona, usisubiri mtu, kata kabla haujawavamia wengine. Akamshika Maurice bega, akamshukuru.

Ndiyo, alimshukuru. Na wiki mbili baadaye akamshukuru tena.

Kufikia mwezi wa tano vilikuwa vimekwenda vitano, na Motari alikuwa amekonda. Alitafuta chanzo kama anavyotafuta gesi inayovuja, akianza na kilicho karibu. Alidhani ni taa, akaipandisha shubiri nzima. Alidhani ni mkondo wa maji, akaipunguza pampu nguvu. Alibadilisha turubai, akabadilisha madumu. Kisha akageuka kwa jirani. Lile tumbawe dogo la nyotanyota halikuwa limemgusa mtu miaka sita, lakini Motari aliketi akalitazama, akajishawishi kwamba minyiri yake imerefuka. Akalitoa, akaliweka peke yake kwenye ndoo chini ya taa hafifu. Lilisinyaa siku kumi na mbili, likafa. Alilizika nyuma ya karakana, akajiambia ni afadhali moja life wengi wapone.

Jumamosi iliyofuata kikapotea kingine.

Nyatichi alikuwa akimtazama muda wote huo. Yeye huuza vitenge sokoni, na mtu wa soko huhesabu hata asichouza. Jioni moja, wakila, aliweka kijiko chini.

"Baba Dorah, huu ni ugonjwa gani unajua siku ya Sabato?"

Motari aliuliza ana maana gani.

"Jumatatu hakuna kichwa kinaoza. Jumatano hakuna. Ni siku ile wewe hauko tu."

Motari alikasirika, jambo ambalo humtokea mara moja kwa mwaka. Alimwambia kwamba kumsingizia mtu asiyekuwepo ni dhambi kubwa kuliko kuwasha taa. Nyatichi akachukua kijiko chake. Lakini maneno yale yalimwingia Motari, ila yaliingia kwa mlango usio wake. Hakumfikiria Maurice hata kidogo. Alimfikiria Mungu. Alijiuliza kama ni kweli kwamba kanisani, wakati wa wimbo wa pili, akili yake hutoroka kwenda kwenye tangi. Ilikuwa kweli. Akaona basi anaadhibiwa kwa kupenda kitu kupita kiasi, na siku ya adhabu isingekuwa nyingine ila Sabato yenyewe. Akafunga kula Ijumaa mbili. Na mwisho wa mwezi wa saba Maurice akampokea mlangoni, macho mekundu.

"Motari, ingine imeoza. Ile ya zambarau. Pole, omera, ndugu yangu."

Hapo Motari alilia. Maurice alimkumbatia, akakaa naye, akamchemshia chai. Fadhila za punda ni mateke, lakini punda angalau hakuchemshii chai baada ya teke.

Vilibaki vichwa kumi na vinne.

Mwezi wa tisa, Ijumaa asubuhi, simu ikaja kutoka Homa Bay. Kulikuwa na hoteli mpya kando ya ziwa, na friji lao kubwa la samaki liligoma. Mpigaji alijitambulisha kama Filister, meneja. Motari hapendi kazi ya mbali siku ya Ijumaa, lakini samaki hawasubiri, akamwachia Maurice ufunguo mapema bila kutaja aendako. Alifika saa tano, akakuta ni waya wa kidhibiti joto tu uliotafunwa na panya. Saa nane alikuwa anafunga mkoba. Filister, mwanamama mchangamfu mwenye miwani kichwani, alifurahi hata akamwambia asiondoke bado.

"Fundi, kuja nikuonyeshe kitu hujawahi ona."

Akampeleka ukumbini. Ukutani palikuwa na tangi, refu mara mbili ya lake, na ndani yake bahari.

Motari alisimama. Aliviona vichwa tisa vya kijani, kila kimoja kimegandishwa juu ya kibao chake kidogo cha jiwe laini la Tabaka. Katikati, kwenye kibao kikubwa kuliko vyote, kilikuwa kile cha ncha za zambarau na midomo miwili. Hakikuwa kimeoza. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeoza.

Filister aliona amepigwa na butwaa, akadhani ni mshangao wa mshamba, akamweleza taratibu. Alisema mtaalamu wao ni mtu wa hapa hapa ziwani, amini usiamini. Alikaa pwani miaka kumi na mmoja. Alifundishwa na mzee wa Kidigo, mchana, huku akila ugali kwa kusimama. Mzee alimkatia kichwa kimoja, akasafiri nacho mapajani bila kushuka garini. Wenye hoteli walikuwa wamewahoji watu watatu, hata mmoja wa Nairobi mwenye vyeti, lakini waliposikia historia ile hawakutaka mwingine. Wageni huisikiliza mpaka mwisho.

"Na hayo mawe," Filister aliongeza, "ndio hunimaliza. Ni mamake alikuwa anayasugua, na mikono, mpaka kucha zikaisha. Hiyo kubwa ndio ya mwisho alifanya akiwa hai."

Mamake Maurice yuko Sori, mzima kabisa, anauza omena, na hajawahi kukanyaga Tabaka. Motari alikula kwake Pasaka iliyopita.

Inasemekana mtu akiumia sana hasikii uchungu hapo hapo. Si kweli. Motari aliusikia wote, palepale, akiwa ameshika mkoba wake wa bisibisi. Kuibiwa vichwa alikuona mbele ya macho yake, lakini kichwa huota tena. Kilichomkata miguu ni kwamba mtu alikuwa amevaa maisha yake kama koti, na mama yake mfukoni.

Kisha, kwa sababu ni Motari, aliangalia tangi vizuri. Pampu ilielekezwa moja kwa moja kwenye vichwa. Nyama ya vitatu ilikuwa imeanza kubanduka. Taa ilikaribia maji, na ncha zilikuwa zinafifia. Na pembeni ya kile cha zambarau, kama upana wa kiganja, palikuwa na matumbawe laini ya kununua, ya rangi nzuri, ambayo tayari yalikuwa na jeraha jeupe upande mmoja. Majirani walikuwa wameanza kuumana. Maurice alikuwa ameuliza kuhusu chumvi, mwanga na mama. Habari ya majirani ilimchosha.

Ndani ya wiki mbili tangi lile lingekuwa kaburi, na mtaalamu angekosa la kuwaambia wageni. Motari hakuwa na haja ya kusema neno. Angeaga tu, afike nyumbani kabla ya jua kuzama, aache bahari imlipie. Wazo hilo lilikuwa tamu, na alilionja kwa muda mrefu kuliko ambavyo angekubali kusema kanisani.

Akaweka mkoba chini. Alimwomba Filister beseni la maji safi bila sabuni, akanawa mpaka kwenye viwiko, akakunja mikono ya shati. Filister aliuliza anafanya nini. Alimwambia wanyama wako taabani. Akazima pampu, akaigeuza ikitazama kioo. Akapandisha taa. Akaanza kuviteremsha vichwa kimoja kimoja, kwa ncha za vidole, akiviweka pamoja kwenye pembe ya chini, mbali na wengine, kwa sababu vya ukoo mmoja haviumani. Kazi hiyo haiharakishwi. Jua liliteremka dirishani, na yeye aliliona likiteremka, mkono uko majini.

Maurice aliingia saa kumi na mbili kasoro, amevaa shati jeupe la hoteli lenye jina lake. Alisimama mlangoni. Filister alianza kumtambulisha, kisha akatazama sura zao, akasogea kando.

"Motari," Maurice alisema. "Ningekuambia. Walikuwa wanataka mtu ako na historia. Mimi niko na taa za omena tu."

Motari alitoa mkono majini. Maji yalimtiririka mpaka kwenye kiatu.

"Vichwa ungeniomba, ningekupa. Hata hiyo ya zambarau. Lakini mamangu, Maurice. Yeye ungemwomba nani?"

Maurice alitazama sakafu, pale maji yalipokuwa yakidondoka.

"Hawa wa kijani wanauma," Motari aliendelea kwa sauti ile ile aliyomfundishia miaka minne. "Wakae peke yao. Hiyo sehemu hukutaka kusikia."

Akajifuta kwa shati lake, akachukua mkoba, akaomba ufunguo wa karakana. Maurice akauchomoa kwenye kamba yenye funguo za hoteli, akampa. Filister alimsindikiza kwa macho tu, na nasikia tangu siku hiyo hasimulii tena historia ya tangi kwa wageni, huwaonyesha rangi.

Sabato ilimkuta Motari njiani, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nyatichi aliona mikono yake iliyokunyata kwa maji ya chumvi, akamsikiliza mpaka mwisho, na hakumkumbusha kwamba alimwonya. Wiki iliyofuata Motari alikata kichwa kimoja cha kijani, akaenda kukiweka juu ya kaburi dogo la nyuma, la yule wa nyotanyota aliyemhukumu bure. Alijua kitakauka. Ilimtosha kwamba kimetolewa.

Ijumaa ya wiki hiyo alifungua droo, akatoa saa ya duara ya chumba baridi, akaipulizia vumbi. Akachomeka kipini kimoja kwenye saa nne asubuhi na kingine kwenye saa kumi na mbili jioni, akaunganisha waya wa taa. Kazi nzima ilimchukua robo saa. Kesho yake kanisani, wimbo wa pili ukiimbwa, alitazama saa ya mkononi. Saa nne kamili. Alijua taa imewaka huko yenyewe, sawasawa, bila mtu. Ingeweza kuwaka hivyo tangu mwaka wa kwanza. Chombo kilikuwa droo ile ile, na kila Ijumaa alipokabidhi ufunguo alijua kiko. Aliyetaka jicho la mtu hakuwa tangi, alikuwa yeye. Nyatichi alimwona akifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Akamsogelea, bega kwa bega, akamwimbia na sehemu yake.